Nusu Niliyoielewa

Nakuru, Jumapili alasiri

Mwanangu Rasoa,

Sina haja ya kukuuliza hali, maana chai ya asubuhi tumekunywa pamoja, na nimekuona ukila mkate kama mtu ambaye gari-moshi linamngoja mlangoni. Wala huna haja ya kusikia kwamba mimi ni mzima. Umeniona. Hata hivyo nakuandikia, ingawa chumba chako kiko hatua sita tu kutoka hapa nilipokaa, na jioni utarudi kutoka kwa shangazi yako Njoro ukiwa na matope ya huko kwenye viatu. Nimeona afadhali niandike ukiwa hupo. Haya ninayotaka kusema nimejaribu kuyasema kwa mdomo tangu uliposhuka kutoka Kampala, na kila nikianza naishia kukuuliza kama umekula.

Kuhusu sweta sitasema. Kuhusu pasipoti, na sindano za daktari, na kutomwachia sanduku mtu usiyemjua, shangazi yako atakuwa ameshasema yote mara tatu kabla mahindi hayajaiva. Mimi sijawahi kupanda ndege, na Hispania siijui. Ningekupa maagizo gani?

Wiki sita si miaka. Najua. Ndivyo ninavyowaambia watu hapa kwenye nyumba za kinu cha ngano: "Ni wiki sita tu. Anaenda kusoma Kihispania kule kwa wenyewe, kisha anarudi chuoni kwake." Nawaambia kwa sauti ya mtu asiyejali. Jana Mama Atieno wa nyumba ya pili aliniuliza, "Na wewe, Baba Rasoa, utakaa namna gani peke yako?" Nikamwambia nimezoea. Si kweli. Nimezoea kukungoja ukiwa Kampala, na huko ni tofauti, kwa sababu niliwahi kufika nikakiona kitanda chako, na dirisha, na ule mti mnaoanikia nguo. Usiku nikikuwaza najua pa kukuweka. Hispania sina pa kukuweka. Nikifumba macho naona ramani ya darasani tu, nchi ya rangi ya njano kando ya bahari, na wewe huonekani popote.

Umeniambia mtakuwa wanafunzi wa nchi nyingi, kila mmoja amekisoma Kihispania vitabuni, na kwamba utalala nyumbani kwa mama mmoja mjane asiyejua Kiingereza hata kidogo. Uliniambia ukiwa na furaha. "Baba, nitalazimika kuongea tu! Hakuna njia nyingine!" Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, sikukujibu. Ukadhani sikusikia. Nilisikia sana. Niliingiwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyoniketisha hapa leo. Maana mimi pia, mwanangu, niliwahi kusimama mahali nikalazimika kuongea tu. Nikaongea. Na mtu akaenda jela.

Unajua kwamba zamani nilikuwa mkalimani wa korti. Unalikumbuka lile koti la kijivu, nadhani, kwa sababu ulikuwa ukilivaa nyumbani mikono ikiburuta sakafuni, ukimwita mama yako "mshtakiwa". Unakumbuka pia kwamba tulihama ghafla kutoka nyumba za serikali tukaja hapa kwenye kinu cha ngano, na mama yako akakuambia kwamba baba amechoshwa na makaratasi. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Uliniangalia mara moja, ukachukua kikapu cha vyombo ukatangulia mbele. Hukuuliza wakati ule, wala hujauliza mpaka leo. Basi nitajibu bila kuulizwa.

Kabla ya kuwa mkalimani nilikuwa tarishi. Nilibeba mafaili, nikajaza wino, nikasimama mlangoni kuita majina ya watu. Wakalimani walikuwa watatu, na nilivyokuwa nikiwatazama, Mungu anajua. Walikaa karibu na hakimu. Wazungu wenyewe walinyamaza wakingoja wamalize kusema. Mimi nilikuwa na Kimaragoli chetu, Kiswahili, Kiingereza cha darasa la sita, Kikuyu cha sokoni, na Kiturkana. Hiki cha mwisho nilikipata utotoni, kule shambani juu ya Njoro babu yako alipokuwa akifanya kazi ya ngano. Wachungaji wa mzungu mwenye shamba walikuwa Waturkana, na kwa miaka miwili nilicheza na watoto wao. Nilijua kusalimu, kutaja rangi za ng'ombe, kuomba maziwa, na kutukana. Nilijua moto, maji, nyasi, ndama. Basi. Lakini watu walipokuwa wakiniuliza, nilisema ninakijua.

Siku moja mkalimani wa Kiturkana hakuja, alikuwa amelazwa na malaria. Kizimbani alikuwepo mchungaji mmoja anayeitwa Ekiru, kutoka shamba la upande wa Lanet. Moto ulikuwa umeteketeza ngano iliyokwisha kukatwa, marundo mengi, na watu walikuwa wamemwona amesimama pembeni ya shamba na kijinga cha moto mkononi. Hakimu alikuwa na mafua na kesi nyingine nyingi zilizomngoja. Karani mkuu akatoka barazani, akauliza:

"Hapa nani anajua Kiturkana?"

Rasoa, hakuna aliyenisukuma. Niliinua mkono mimi mwenyewe.

"Wewe? Unakijua kweli?"

"Ninakijua, bwana. Nilikua pamoja nao."

Wakaniazima koti. Nikaapa, mkono juu ya Biblia, kwamba nitafasiri kweli na yote. Nakumbuka nilivyojisikia nikipanda zile ngazi mbili za mbao. Nilisikia furaha tupu.

Ekiru alikuwa mtu mrefu, mwembamba, blanketi limefungwa bega moja. Alipoulizwa alieleza polepole, bila kubabaika, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Alinyoosha mkono akaonyesha upepo ulikotoka. Nilishika neno la moto. Nilishika ndama. Nilishika nyasi, na upepo, na nilishika wazi kabisa aliposema kwamba aliwasha moto. Katikati palikuwa na neno nisilolijua. Alilisema mara mbili, na mara zote mbili akasukuma viganja vyake mbele ya kifua. Niliiona ile mikono. Nikadhani ni hasira.

Hakimu akauliza, "Anasema nini?"

"Anasema aliwasha moto kwenye nyasi, bwana. Kulikuwa na upepo."

"Hivyo tu? Mbona ameongea sana?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Watu wote walikuwa kimya wakiniangalia, na koti lile lilikuwa limenikaa vizuri. Nikasema:

"Mengine ni kurudiarudia tu, bwana."

Alipewa miaka mitatu na kazi ngumu. Alinigeukia ili nimweleze kilichosemwa, akaninamia kidogo, kwa heshima, jinsi mtu anavyomwinamia anayemsaidia. Nikamwambia. Hesabu za Kiturkana nilizijua.

Yule mkalimani mgonjwa hakurudi kazini, na kabla mwezi haujaisha nafasi ile nilipewa mimi. Mama yako alichinja kuku. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nakuru, na nakuambia hili kwa sababu watu hudhani kosa huja na uchungu wake siku ileile. Langu halikuja nao. Lilikuja na kuku na chapati.

Uchungu ulikuja miezi michache baadaye, na ulikuja umebeba kuni. Mama yako alikuwa akinunua kuni kwa mama mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba, jina lake Akai. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine wa kutembea. Siku moja mvua ikamkuta kwetu, mama yako akamwingiza ndani, akampa chai. Mimi nilikuwa mezani nakula. Mama yako, kwa mazoea yake ya kuongea na kila mtu, akamwuliza bwana yake yuko wapi.

"Ako jela," Akai akasema. "Ya moto."

Nikaacha kula.

"Alichoma nini?" mama yako akauliza.

"Hakuchoma. Moto ilitoka kwa reli, kwa cheche ya gari-moshi. Upepo ikaleta. Yeye akaona inakuja kwa boma ya ndama. Akakimbia mbele, akachoma nyasi kidogo, ndio ile moto kubwa ikifika ikose kitu ya kukula. Ikageuka, ikaenda kwa ngano. Lakini ndama hata moja haikukufa." Akaweka kikombe chini, akasukuma viganja vyake mbele ya kifua. "Kuzuia. Alikuwa anazuia. Alisema yote kwa korti. Yeye si mtu ya kuficha. Lakini korti ilikataa."

Hakuwepo siku ya kesi, kwa hiyo uso wangu hakuujua. Aliponyanyuka kwenda alinishukuru mimi, mwenye nyumba, kwa chai.

Mama yako alifunga mlango. Alijua kwamba kesi yangu ya kwanza ilikuwa ya Mturkana na moto, maana nilikuwa nimemsimulia zaidi ya mara moja, kwa majivuno.

"Ni huyo?" akaniuliza.

"Ni huyo."

"Utaenda lini?"

"Kwenda wapi?"

"Zakayo," akasema, "usiniulize wapi."

Sikwenda. Nataka ulijue hili vizuri, kwa sababu ningeweza kukuandikia barua ambamo baba yako alikosea kisha akatengeneza. Nilikaa miezi kumi na moja. Kila Jumatatu nilijiambia nitasema Ijumaa. Nilijiambia kwamba sikudanganya, maana Ekiru kweli aliwasha moto na kweli kulikuwa na upepo. Hakuna neno hata moja nililomwekea mdomoni. Niliacha tu nusu. Tena nikafanya jambo moja la ajabu. Nilianza kujifunza Kiturkana kwa bidii. Jumamosi nilikuwa nakwenda kukaa na wachoma makaa, nikiuliza hiki kinaitwaje, kile kinaitwaje, mpaka nikalipata lile neno la kuzuia. Nikadhani bidii ile ni toba. Ilikuwa njia ya kutokwenda kwa karani.

Mama yako hakunigombeza. Alipika, akafua, akanijibu nilipomwuliza jambo. Lakini aliacha kuniambia mambo. Unamjua alivyokuwa, hakuna kilichotokea barabarani asinieleze jioni, nani kamwaga nini, nani kavaa nini. Yote yakakoma. Nilirudi kutoka korti nilikoongea lugha nne kutwa nzima, nikaketi mezani na mke wangu na binti yangu, na hapakuwa na la kusemwa. Wewe ulikuwa ukitujaza kelele, ukisoma vitabu vyako kwa sauti. Sijui kama ulikuwa unajua unafanya nini. Nimekuwa peke yangu katika nyumba hii tangu mama yako afariki, mwaka wa tatu huu, na nakuambia upweke wa sasa si mkubwa kama ule.

Kisha Akai akaja kuaga. Kuni peke yake hazikuwalisha watoto, na alikuwa amepata watu wa kufuatana nao kurudi kaskazini kwa mama yake. Alimwachia mama yako ujumbe wa kumpa bwana yake, kwamba akitoka jela asiwatafute Nakuru. Nilipofika jioni mama yako alikuwa bado amesimama jikoni.

"Kuna ujumbe wa Ekiru," akasema. "Nimeambiwa niupeleke. Lakini mimi si mkalimani. Mkalimani ni wewe."

Asubuhi nilikwenda kwa karani mkuu. Alinisikiliza huku akichonga penseli.

"Kesi imeisha," akasema. "Unataka kufungua kaburi? Uliapa. Ukisema hukuelewa, wewe ndiye utafungwa. Una mtoto?"

"Ninaye mmoja."

"Basi rudi kazini."

Nikarudi kazini. Ndiyo, mwanangu, hata hapo nilirudi. Nilifasiri kesi tatu siku ile. Ya tatu ilikuwa ya ng'ombe waliopotea, na mzee mmoja alisema neno ambalo sikulijua, nikasikia kinywa changu kikianza kutengeneza jambo la kusema badala yake. Kilianza chenyewe, kwa mazoea. Nikaogopa kuliko nilivyoogopa jela. Usiku ule nilimwandikia hakimu barua, kwa Kiingereza, kamusi pembeni. Alikuwa hakimu mpya. Sikumpelekea karani ile barua, nilimpa hakimu mkononi alipokuwa akishuka kwenye gari lake.

Wakaifungua kesi. Wakamleta mkalimani wa kweli kutoka mbali, na Ekiru akaeleza tena maneno yaleyale, na safari hii yalifika. Mambo ya serikali huenda polepole. Mpaka anaachiliwa alikuwa amekaa ndani mwaka mmoja na miezi minane. Mimi hakimu aliniambia nirudishe koti na niende zangu. Sikufungwa. Nimewahi kutamani ningefungwa hata mwezi mmoja, ili niwe na cha kusema.

Siku ya kumwachilia nilikuwa langoni mapema. Njia nzima nilikuwa nimekariri kwa Kiturkana: mimi ndiye, sikuelewa, nikasema nimeelewa, nimekukosea. Akatoka na blanketi lake. Alinijua mara moja. Nikasema yote niliyokariri, na nadhani niliyasema sawasawa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu, na mimi, baada ya Jumamosi zangu zote za makaa, sikuambulia kitu.

Nikasema, "Sijaelewa. Sema tena."

Akasema tena.

"Bado sijaelewa. Tafadhali, tena."

Alisema mara ya tatu, polepole, akionyesha kwa mikono, kwanza mdomo wangu, kisha miguu yake, kisha jua kutoka upande huu mpaka upande ule. Ndipo nikaelewa. Aliniuliza hivi: "Siku ile, kama hukuelewa, kwa nini hukuniambia kama unavyoniambia sasa? Nilikuwa nimesimama palepale. Ningesema tena. Ningesema mpaka jioni."

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu ambaye amefikiri jambo kwa muda mrefu na kweli anataka kulijua.

Nikampa ujumbe wa Akai. Akaniuliza habari za ndama, nikamwambia sijui, maana shamba lile lilikuwa limeshauzwa. Akaitikia kwa kichwa, akashika barabara ya kaskazini. Hakunipa mkono. Sidhani alikataa, nadhani hakuwaza. Nimewauliza wafanyabiashara wa ng'ombe wanaotoka kule kama alimkuta mkewe. Mmoja aliniambia ndiyo, wana watoto wengine sasa. Mwingine aliniambia Akai aliolewa na mtu mwingine. Sijui ni ipi, na nimejifunza kukaa na nisilolijua bila kuchagua lile ninalolipenda.

Jioni ile mama yako alinipakulia chakula, akaketi, akasema, "Leo kuku mweupe ametaga kwenye sanduku la viatu." Nikainama kwenye sahani ili msinione, kwa sababu nilijua ameanza tena kuniambia mambo.

Miaka ya hatari ilipokuja, serikali ilipokuwa ikisaka wapiganaji wa msituni, watu wakapangwa mistari na kuulizwa maswali, na maisha ya mtu yakawa yanategemea mkalimani mmoja aliyechoka, nilimshukuru Mungu kwamba mimi napima magunia ya ngano. Wenzangu wawili waliobaki kule hawalali vizuri mpaka leo. Mmoja hukutana nami kanisani. Hunishika bega tu akapita.

Sasa wewe unaenda kuongea lugha ya watu. Hutasimama kortini, najua. Utakuwa mezani kwa yule mama mjane, na sahani ya chakula usichokijua, na watu watakuwa wanaongea haraka kuliko mwalimu wenu wa Kampala, kisha wote watacheka kwa pamoja. Na wewe utatamani kucheka. Hutakuwa umeelewa, lakini utakuwa umekaa siku nzima bila mtu, na kicheko kile kitafanana na mlango uliofunguliwa. Uso wako utacheka wenyewe. Nakuambia ninavyokijua kinywa cha mwanadamu.

Jaribu kutocheka. Waambie hujaelewa. Watakuona mjinga kidogo, mazungumzo yatasimama, mtu ataguna, na utasikia joto masikioni. Ni joto la muda mfupi. Kisha mmoja wao atakugeukia akueleze polepole, na huyo ndiye utakayemkumbuka ukirudi. Mtu asiyeelewa yuko peke yake, lakini wenzake wanamwona na wanaweza kumfuata alipo. Aliyejifanya ameelewa nani atamfuata? Wanadhani yuko pamoja nao. Miezi kumi na moja, mwanangu, watu wote walidhani niko pamoja nao.

Na wewe ukirudi utakuwa na maneno mengi ambayo mimi sitayajua. Tayari unayo. Tangu uende chuoni kuna mambo unayaanza kuniambia, kisha unasita, unachagua neno jepesi, unanikatia kipande kidogo kama cha mtoto. Unafanya hivyo kwa upendo. Usifanye. Niambie lote, nitauliza. Nimebakiwa na wewe tu wa kuniambia mambo jioni.

Jua limefika dirisha la nyuma, na upepo wa ziwani umeanza kuleta lile vumbi jeupe, kwa hiyo nimefunga madirisha. Leo kinu hakisagi, Jumapili, na nyumba iko kimya hata nasikia kalamu. Nimekaa hapa nikisikiliza jinsi kutakavyokuwa kuanzia kesho.

Nimebakisha jambo moja, na ndilo gumu kuliko ya korti, kwa sababu ni la leo. Asubuhi, ulipokuwa unatoka kwenda Njoro, ulisimama mlangoni na kitambaa kichwani, ukanigeukia, ukasema kitu kwa Kihispania. Hakikuwa kifupi. Ulikisema polepole, ukinitazama machoni, kisha ukawa unangoja. Mimi nikacheka. Nikapunga mkono nikasema, "Haya, haya, nenda, utachelewa." Uso wako ulibadilika kidogo tu, ukatabasamu, ukaenda.

Sikuelewa hata neno moja, Rasoa. Ulisema nini?

Baba yako,
Zakayo